Fomu za ukaguzi kiwandani: utakaa nazo miaka mingapi kabla ya kuzichoma

Siku moja nilinunua karanga za kukaanga za shilingi mia tano pale Kisenyi, Kampala, nikafungua ile karatasi nile, nikaona mwandiko naujua. Ni wa kijana wetu wa zamu ya usiku. Fomu yetu ya kukagua mahindi yanapoingia, ina namba ya lori, jina la aliyeleta mzigo, simu yake, unyevu 13.1, saini. Nusu imelowa mafuta. Kumbe msafishaji aliambiwa apunguze makaratasi stoo, akayapunguza kwa kuyauza kwa kilo, na mama wa karanga hana kosa, yeye anafunga karanga tu. Nilimaliza karanga zangu, karatasi nikaikunja mfukoni, na siku hiyo ndo nilianza kuuliza swali ambalo ofisini kwetu hakuna aliyekuwa na jibu lake: hizi fomu tunakaa nazo mpaka lini?

Kila mtu anakutajia namba yake. Mhasibu anasema mitano, mzee mwenye kiwanda anasema mpaka kabati lijae, odita aliyekuja anasema "ni nyinyi mtaamua". Na cha kushangaza odita ndo alikuwa sahihi zaidi, maana ISO 9001, kile kiwango cha kimataifa cha kusimamia ubora, haitaji idadi ya miaka popote, inachodai ni wewe useme utatunza nini, muda gani, utazitupaje, halafu ufuate ulichosema. Kwa hiyo usiende kunakili namba ya jirani. Unahesabu ya kwako, na kosa ambalo karibu wote tunalifanya ni kuanza kuhesabu siku fomu ilipojazwa. Hapana. Unaanza kuhesabu siku ambayo gunia la mwisho la ile bachi (mzigo uliotengenezwa kwa mkupuo mmoja) linamaliza kazi yake huko lilikoenda.

Mimi niko kwenye kinu cha unga wa posho, kwa hiyo mifano yangu mingi ni ya mahindi. Wa mabati, wa maji ya chupa, wa sabuni, mtabadilisha wenyewe, hesabu ni ile ile.

Hatua ya 1: Mwaga kila kitu chini

Kabla ya kuongea miaka jua kwanza una nini. Chukua Jumamosi moja, tandika turubai, toa kila karatasi ya kwaliti kwenye madroo, chini ya meza, juu ya kabati, kwenye gari la meneja (ndio, hata kwenye gari la meneja), upange mafungu. Kwetu yalitoka hivi:

- mahindi yakiingia: unyevu, sumukuvu (sumu inayotokana na ukungu), punje zilizooza, wadudu
- wakati wa kusaga: chekeche, sumaku ya kunasa vyuma, uzito wa magunia
- ruhusa ya bachi kutoka, nani alisaini
- vyeti vya maabara
- uhakiki wa vipimo, yaani mizani na kipima unyevu
- mzigo uliokataliwa na ulikoishia
- malalamiko ya wateja
- delivari noti, bachi ipi alipewa nani

Hilo fungu la mwisho watu wengi hawalihesabu kwamba ni la kwaliti kwa sababu linakaa kwa mhasibu. Bila hilo mengine yote hayakusaidii, utajua bachi mbaya ni ipi lakini hutajua iko duka gani. Na fungu la vipimo ndilo linalotupwa la kwanza kwa sababu linaonekana halina maana. Fikiria umesimama mbele ya mtu na fomu inayosema unyevu 12.8, yeye anakuuliza swali moja tu, "hicho kipimo chenyewe mlikihakiki lini?" Ukikosa karatasi ya kuhakiki kipimo, ile 12.8 imebaki kuwa maoni yako. Kwa hiyo karatasi za vipimo zinakaa muda sawa na fomu iliyovitegemea ambayo inakaa muda mrefu kuliko zote.

Hatua ya 2: Jua ni nani anaweza kukudai hiyo karatasi

Kila anayeweza kukuuliza ana muda wake. Unawaorodhesha wote, halafu unachukua muda ulio mrefu kuliko yote, huchukui wa wastani.

Wa kwanza ni bidhaa yenyewe. Unga una miezi michache, bati linakaa juu ya nyumba miaka. Ukimpa mteja waranti ya miaka 10 kwenye bati umejifunga mwenyewe, huwezi kusema rekodi tulichoma mwaka wa 3. Na kumbuka bati linaweza kulala kwa wakala Arua miaka miwili kabla halijauzwa, ndo maana nasema usihesabu kuanzia siku ya kiwandani.

Wa pili URA, mamlaka ya mapato ya Uganda. Sheria ya taratibu za kodi inataka rekodi zitunzwe miaka 5 baada ya kipindi cha kodi kinachohusika kuisha. Utasema kodi na kwaliti wapi na wapi. Haya, magunia 40 yaliingia maji mkayatupa, mhasibu ameyaandika hasara, siku URA wakija kuuliza yameenda wapi kinachokuokoa ni ile fomu ya mzigo uliokataliwa yenye sababu na saini. Hiyo fomu ni karatasi ya kodi tayari, hata kama imejazwa na mtu wa kwaliti mwenye unga mpaka kwenye nyusi.

Wa tatu mahakama. Sheria ya ukomo wa kesi hapa Uganda inampa mtu miaka 6 kufungua kesi ya mkataba, na miaka 3 kama anadai fidia ya kuumia mwili kwa uzembe wako. Mteja aliyenunua kwako kwa oda na masharti ya kwaliti, huyo yuko kwenye 6. Mtu aliyekula akaugua yuko kwenye 3, na muda wake hauanzi siku uliposaga, unaanza siku alipoumia.

Wa nne ni mteja mkubwa. Soma mkataba. Mashirika, shule kubwa, wanunuzi wa nje, mara nyingi kuna kifungu kule nyuma kinachosema rekodi zitunzwe miaka kadhaa na wao wana haki ya kuja kuziona. Ulisaini, basi ndo sheria yako hiyo.

Wa tano ni mpaka. Wanaopeleka mzigo nje mnajua. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumukuvu, baada ya siku chache wakafungua lakini kwa masharti, mojawapo likiwa cheti kinachoonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni, ambacho ndicho kiwango cha Afrika Mashariki pia. 2023 ikawa zamu ya Sudan Kusini kushikilia malori ya Uganda kwa hoja hiyo hiyo. Siku kama hizo anayepita ni yule mwenye historia ya vipimo vya miezi iliyopita, mwenye cheti cha asubuhi hiyo peke yake anaangaliwa kwa jicho la pembeni.

Kwa wa viwanda vingine, haya ni ya kujua harakaharaka. Ukitengeneza chakula cha binadamu kinachoenda Marekani, rekodi zao za usalama wa chakula ni miaka 2 angalau. Dawa, Marekani wanataka rekodi za bachi mwaka 1 baada ya ekspaya, Ulaya wanasema mwaka 1 baada ya ekspaya au miaka 5 tangu bachi ithibitishwe, wanachukua iliyo ndefu. Vifaa vya hospitali chini ya ISO 13485, kiwango chao cha ubora, ni maisha yote ya kifaa na isipungue miaka 2 tangu kitoke, na Ulaya nyaraka za kifaa ni miaka 10 baada ya kifaa cha mwisho kuingia sokoni, vile vinavyowekwa ndani ya mwili 15. Vipuri vya magari kwa IATF 16949, kiwango cha ubora cha viwanda vya magari, zile rekodi za kuidhinisha kipuri zinakaa muda wote kipuri kinapotengenezwa na kuhudumiwa, ongeza mwaka mmoja wa kalenda. Ukiziangalia vizuri utaona karibu zote zinahesabu kwa maisha ya bidhaa, siku ya fomu hakuna anayeijali sana.

Hatua ya 3: Fanya hesabu kwa kalamu

Tuchukue bachi moja. Tumesaga tarehe 10 Machi 2024, tumeandika kwenye gunia itumike kabla ya 10 Septemba 2024. Mtu wa mwisho halali kuula anaula hiyo Septemba. Akiugua ana miaka 3, tunafika 10 Septemba 2027. Mimi naongeza mwaka mmoja, kwa sababu barua ya wakili haiji siku ile ile na kwa sababu kuna watu wanakula unga uliopita tarehe, halafu nasogeza mpaka mwisho wa mwaka. Desemba 2028. Hizo ni fomu za kila siku za kinu; zile za mzigo uliokataliwa, kwa sababu URA wanataka miaka 5, zinaingia kundi la mkataba linalofuata hapa chini.

Bachi hiyo hiyo ilienda kwa mteja wa mkataba, tulimpelekea 2024. Miaka 6 ni 2030, ongeza mmoja, Desemba 2031. Hapo kinachokaa ni cheti cha maabara, ruhusa ya kutoka, delivari noti, na fomu zote za siku za bachi hiyo, maana akishtaki atataka kujua mpaka unyevu wa mahindi yaliyoingia.

Kwa nini kusogeza mpaka Desemba? Kwa sababu hakuna mtu atakayekaa anachambua boksi kila mwezi kutoa fomu za tarehe 10. Boksi la mwaka linakufa siku moja lote. Utabeba karatasi miezi kadhaa bure, sawa, boksi ni bei rahisi.

Wenye mkataba na wasio na mkataba usiwachanganye boksi moja. Sisi tunabandika utepe wa gundi kwenye boksi, bluu ni la miaka 4, nyekundu ni la miaka 7. Kama kiwanda chako ni kidogo na unaona kutenganisha ni kazi kubwa, basi weka zote miaka 7 uishe. Mimi binafsi ningefanya hivyo kama ningekuwa na chumba.

Hatua ya 4: Iandike, ukurasa mmoja tu

Jedwali la safu nne: aina ya karatasi, nani anaitunza, inakaa mpaka lini, inaharibiwaje. Mwenye kiwanda asaini. Usiandike kurasa 20, hakuna atakayesoma, na usiandike miaka 15 ili odita akufurahie, maana akija akaomba ya mwaka wa 9 ukakosa, umejitengenezea kosa mwenyewe kwa mkono wako. Andika unachoweza kutekeleza.

Hatua ya 5: Hakikisha bado zitasomeka

Hapa nikae kidogo, kwa sababu hapa ndo tuliumia.

Tulikuwa na mteja wa upande wa Elegu, mzigo wake unavuka kwenda Juba. Miezi 14 baada ya kuchukua bachi moja akagoma kulipa salio, anasema unga ulifika umeota ukungu, eti tulimpa mahindi mabichi. Sisi tukajua tuko salama, kipima unyevu chetu kinatoa kikaratasi, tulivibana vyote na stepla kwenye fomu. Nikafungua faili. Fomu ipo, namba ya bachi ipo, kikaratasi kipo, kimenyooka vizuri kabisa, na ni cheupe. Hakuna kitu. Nikakipeleka dirishani nikakiinamisha kwenye jua, nikaona kivuli cha kama tarakimu 1 na nukta, basi. Zile karatasi laini za mashine zinazochapa kwa joto bila wino, zinafifia, na chumba chetu cha faili kiko chini ya bati, mchana pale ni tanuri. Tuliishia kugawana hasara na mteja, mzee alinyamaza siku mbili hasemi na mtu.

Tangu siku hiyo:

Kikaratasi cha mashine kinapigwa fotokopi siku hiyo hiyo, kopi na chenyewe vinabanwa pamoja, na namba inaandikwa kwa mkono kwenye fomu na wawili wanasaini. Tiketi za mizani ya malori ni hivyo hivyo. Kalamu ya wino, penseli marufuku. Kosa linakatwa mstari mmoja na saini pembeni, hakuna kufuta kwa ile dawa nyeupe, maana ukifuta tu hata ukweli unaonekana uongo.

Maboksi hayakai sakafuni. Nyinyi wa Kisenyi, Bwaise na kando ya mfereji wa Nakivubo mnajua mvua ya Aprili inavyoingia ndani bila kubisha hodi. Weka juu ya mbao za godauni, sentimita chache mbali na ukuta kwa ajili ya mchwa, na usiweke chumba kimoja na unga kwa sababu panya akija kwa unga atalala kwenye faili lako la 2022. Karafuu na vidonge vya nondo vinasaidia kidogo, paka anasaidia zaidi.

Kuhusu simu na kompyuta: Uganda ina sheria ya miamala ya kielektroniki ya mwaka 2011, rekodi ya kielektroniki inakubalika ilimradi haijabadilishwa na inaweza kufunguliwa ikahitajika. Kwa hiyo skani, ni sawa kabisa. Ila grupu la WhatsApp si stoo. Najua viwanda ambavyo ukaguzi wote ni picha kwenye simu ya supavaiza, sasa siku simu inachomolewa pale stendi ya taksi, kwaliti yenu ya miaka miwili imeenda na mwizi. Picha ihamishwe kila jioni kwenye kompyuta, faili lipewe jina linaloanza na tarehe na bachi, mfano 2024-03-10-B07-unyevu, siyo IMG halafu tarakimu kumi. Kopi tatu, moja ya kompyuta, moja ya hadi diski, moja isiyolala kiwandani. Hiyo ya tatu iwe Google Drive au hadi diski nyumbani kwa mzee, yoyote, mradi moto ukiwaka usikute zote chumba kimoja. Na mara moja kwa mwaka fungua mafaili ya zamani uone kama bado yanafunguka, hasa kama mlibadilisha programu.

Hatua ya 6: Daftari la maboksi

Kila boksi lina namba, bachi ya kwanza na ya mwisho iliyomo, na kwa maandishi makubwa USICHOME KABLA YA DESEMBA 2028 au mwaka wake. Daftari moja gumu linaandika hayo hayo. Haichukui hata dakika kumi kwa boksi.

Halafu jaribu. Nenda duka lolote mtaani, nunua kilo mbili za unga wako mwenyewe, rudi ofisini uwaambie vijana wakuletee kila karatasi ya hiyo bachi na orodha ya wote waliouziwa. Weka saa. Mara ya kwanza kwetu ilichukua siku moja na nusu na ugomvi kati ya stoo na mhasibu. Sasa ni chini ya saa mbili.

Kama unaona huo ni mchezo wa ofisini kumbuka Karamoja 2019. Watu walikula uji wa msaada, ile Super Cereal, wakaanza kuugua Machi, waliohesabiwa kuugua 293 na waliokufa 5, na baadaye maabara zikakuta sumu ya mmea wa jamii ya datura iliyoingia kwenye chakula. WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa lililokuwa likigawa, walisimamisha kugawa. Siku ile swali la dharura kwa kila mtu lilikuwa ni mifuko ya bachi zipi, ilitoka wapi, na mingine iko wapi sasa hivi, na jibu la swali kama hilo linatoka kwenye karatasi au halitoki kabisa.

Sampuli za akiba nazo zina boksi lao. Gramu 500 za kila bachi, mfuko umefungwa, mahali pakavu, mpaka tarehe ya mwisho wa matumizi ipite na miezi mitatu juu yake. Zaidi ya hapo unafuga wadudu.

Hatua ya 7: Breki

Kukiwa na lalamiko halijafungwa, kesi, barua ya wakili, ukaguzi wa URA au wa UNBS (shirika la viwango la Uganda) unaoendelea, boksi lenye uhusiano na jambo hilo halichomwi hata kama Desemba yake imepita. Sisi tunalifunga kamba nyekundu na kuandika sababu kwenye daftari, na anayeruhusiwa kufungua hiyo kamba ni mzee peke yake. Ukichoma katikati ya ugomvi, hata kama hukuwa na nia mbaya, hakuna atakayeamini. Mimi mwenyewe nisingekuamini.

Hatua ya 8: Kuziharibu

Januari, wiki ya pili, kinu kikiwa hakina kazi nyingi. Mnatoa maboksi yaliyofika mwaka wake, mnalinganisha na daftari, mnaangalia kamba nyekundu, watu wawili wanasaini orodha ya yaliyochomwa, na hiyo orodha yenyewe haichomwi milele. Mafaili ya kompyuta yanafutwa siku hiyo hiyo, kopi zote tatu, siyo moja.

Kuuza kwa kilo hapana. Zile fomu zina majina na simu za wakulima, za madereva, na Uganda tangu 2019 kuna sheria ya kulinda taarifa binafsi, wakulima wako hawakukupa namba zao ili zifungiwe karanga. Chana au choma, na ukichoma simama hapo mpaka ziishe, kwa sababu karatasi zilizobanana kwenye faili zinaungua pembeni tu, katikati zinabaki zinasomeka vizuri. Zifungue, zitawanye, koroga na fimbo.

Januari iliyopita tulichoma maboksi sita kwenye pipa nyuma ya kinu, mimi na mtu wa stoo, kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa saba. Majivu mpishi aliyachukua akasugulia masufuria.